Mlinzi Aliyechimba Kutki

Hiruli alichaguliwa kulinda malisho ya juu kwa sababu hakuna aliyejua kuchimba kutki kama yeye. Tangu usichana wake aliitafuta ile mizizi michungu ya kutibu homa na ini, na wanunuzi wa bondeni walimjua kwa jina. Lakini kadiri watu walivyochimba mwaka hadi mwaka, maua ya zambarau ya kutki yalibaki majabalini tu, mahali ambapo hata mbuzi anasita. Ndipo wanawake wa kijiji walipokubaliana: kwa miaka mitatu asichimbe mtu.

Mwaka wa pili, wakati wa mvua, mlima uliporomoka ukafunga barabara ya zahanati. Wiki hiyohiyo mama mkwe wake, Bishni, aligeuka manjano machoni, akaacha kula. Hiruli alivumilia siku mbili. Ya tatu akapanda na kijembe, akang'oa shina moja, akafukia shimo, akashuka. Akaichemsha mizizi, akamnywesha.

"Chungu kama ulimi wako," Bishni alinong'ona, na Hiruli akapata matumaini.

Kwenye kikao cha wanawake wa kijiji angeweza kunyamaza, hakuna aliyemwona. Akasimama.

"Nimechimba. Shina moja, la dawa ya mama."

Mwenyekiti alikuwa wifi yake, Dhanuli, binti wa kuzaa wa Bishni.

"Wifi, si ungenyamaza tu?"

"Halafu nikimkuta mwingine kule juu nimwambie nini?"

"Msamehe, Dhanuli," mama mmoja akasema. "Kamwokoa mama yako."

"Ndiyo maana siwezi. Kesho mtasema mawifi wanalindana. Siku tatu, abebe samadi mpaka kwenye vitalu vyetu."

Asubuhi Hiruli alipofika zizini na kapu lake la mgongoni, alimkuta Dhanuli ameshajaza la kwake.

"Wewe nani kakuhukumu?"

"Dawa kanywa mama yangu. Tembea, wifi, mvua hiyo inakuja."

Wakabeba siku zote tatu, wakitaniana njiani, hadi kwenye vitalu ambako wanawake walikuwa wamepanda mbegu za kutki, laini kama vumbi. Barabara ilipofunguka Bishni alipelekwa zahanati, akarudi na vidonge na hamu ya viazi.

Miaka mitatu ilipotimia, Hiruli aliwapandisha wenzake wakajionee. Maua yalikuwa yameshuka kutoka majabalini hadi ukingoni mwa kijito, machache.

"Bado," alisema.

Wakaongeza miaka miwili, wakamchagua tena awe mlinzi. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Dhanuli.