Siku Nilipomgeuza Kondo Kuwa Mpelelezi

Hadi leo nikipita Jinja navuta kofia chini kidogo, kwa sababu wapo watu kule Kimaka ambao wakiniona bado wanaulizana kwa sauti, "Mpelelezi ni yupi?" kisha wanacheka mpaka wanashika matumbo.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mtafsiri wa filamu katika vibanda vya video huko Mbale. Nilipanga chumba mtaa wa Namakwekwe, na kazi yangu ilikuwa kushika maiki, picha inakwenda, mimi naeleza kwa Kiswahili Wachina wanapigania nini (Kichina sijui, na Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji, lakini ngumi haihitaji kamusi). Haji Ramadhani, mwenye kibanda karibu na kambi ya Kimaka, akanisikia, akaniita Jinja. Wateja wake walikuwa wanajeshi, polisi na wake zao, watu wa makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Nikifaulu Jumamosi moja tu, kazi ni yangu, sizunguki tena kuomba maiki za watu.

"Njoo asubuhi, bwana, uitazame kanda kwanza," akaniambia. "Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mpelelezi anamsaka kondo."

Kondo, kwetu, ni jambazi wa bunduki. Nikaitika, lakini asubuhi ilipofika nikajiambia, mpelelezi na kondo, kuna nini hapo cha kusomea? Nikaondoka Mbale jua limeshapanda, nikashuka njiani, Busiu, nile mahindi ya kuchoma, nikanogewa na soga, gari likaniacha, na nilipoingia kibandani watu wameshakaa na Haji ameshatia kanda kwenye deki.

Sasa, katika filamu ile kila mwanamume amevaa koti refu na kofia, mvua inanyesha, na uso wa mtu huuoni vizuri mpaka asogee karibu, kwanza unaona sigara tu. Akatokea mmoja mzuri wa sura, anatembea taratibu chini ya dirisha la mwanamke mmoja, nikatangaza, "Huyu ndiye Afande Jakobo, mpelelezi." Nyuma yake akaja mwingine, ndevu hajanyoa, anachungulia konani. "Na huyo ndiye kondo, anamvizia." Watu wakamzomea, nami nikajiona mfalme.

Tulikwenda vizuri mpaka Afande Jakobo alipoingia duka la sonara na kumpiga risasi mzee wa watu. Ningeweza kusema hapo hapo, jamani, nimekosea, lakini nilikuwa nimeshaamua, nikasema, "Mzee huyu alikuwa jasusi." Halafu kondo wangu akaingia kituo cha polisi na askari wote wakasimama wima.

"Wewe bwana," mwanajeshi mmoja akauliza kutoka nyuma, "polisi napigia kondo saluti kwa nini?"

"Amewahonga wote," nikasema.

Mstari wa mbele alikuwa amekaa Sajini Apio, mwanamke wa polisi, mrefu, na sare yake. Akageuka. "Wote?"

"Si wote, afande. Wale wa zamu ile."

Watu wakacheka, yeye hakucheka, na mimi badala ya kurudi nyuma nikazidi kukaza, nikaapa kwamba Jakobo atamkamata kondo kabla filamu haijaisha, hata nikamtungia Jakobo mama mgonjwa kijijini. Mwishowe Jakobo akapigwa risasi darajani, akafa. Kondo akavua kofia, wakubwa wakampa mkono.

"Sasa kondo ameshinda?" yule mwanajeshi akauliza.

"Kuna sehemu ya pili," nikasema.

"Hakuna," akasema Haji kutoka kwenye deki.

Sajini Apio akasimama. "Mimi Kiingereza nasikia. Nilikuwa nangoja nione utafika wapi. Huyo aliyekufa ndiye kondo. Huyo mwingine ndiye afande, amemtafuta mtu wake filamu nzima, na wewe unamtukana tu."

Haji alikuwa ameshanyoosha mkono achukue maiki. Sijui moyo niliutoa wapi, sikumpa. Nikamwambia, "Haji, rudisha kanda nyuma. Naanza upya, aliyechoka aende." Hakuna aliyekwenda (nadhani walitaka kuniona nikianguka tena).

Safari hii sikutunga. Nilieleza ninachokiona, na nisichokielewa nikamgeukia Sajini Apio mbele ya watu wote, "Amesema nini, afande?" naye ananiambia, nami nasema kwenye maiki. Tulipofika darajani umeme ukakatika. Jinja, mji wenye bwawa la umeme. Mtu akafungua mlango tupate mwanga, na macho yote yakanigeukia. Nikaweka maiki chini, nikasimama mbele ya kioo cheusi, nikawaeleza kwa mdomo mtupu jinsi mpelelezi alivyomwita kondo kwa jina lake ajisalimishe, jinsi kondo alivyogeuka kwenye mvua, na ile risasi. Walinisikiliza hadi mwisho.

"Na yule mwanamke wa dirishani," yule mwanajeshi akauliza polepole, "alikwenda na nani?"

"Sijui," nikasema. "Sikumwangalia."

Haji hakunipa kazi siku ile. Aliniambia nirudi Jumamosi nyingine, asubuhi, na nilifika kabla hajafungua mlango. Tangu hapo sijafungua kinywa juu ya filamu yoyote ambayo sijaitazama peke yangu mpaka pale yanapobaki majina ya watu tu, yakipanda, na hata hayo siku hizi nayasoma.