Mkwe wa Ford na Mkwe wa Chevrolet

Sifa zote ni za Mungu, aliyetupa miguu miwili ya kutufikisha kanisani, kisha akatuvumilia tulipoona haitutoshi. Namshukuru kwa kunipeleka mbali na kunirudisha Iringa nikiwa mzima, na sasa nawasimulia.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu na sikuwa na haja yoyote ya kuiona Marekani. Niliondoka kwa sababu mke wa mdogo wangu Festo alinipigia simu kutoka huko akilia. Binti yao Tumaini alikuwa aolewe mwezi wa sita na Olivier, kijana wa Kikongo. Bwana harusi alikuwa tayari, bibi harusi tayari, mchungaji tayari. Baba zao wawili ndio hawakuwa tayari. Kila mmoja alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga kanisani ikiwa bibi harusi atapelekwa kwa gari la mwenzake.

"Magari yao yana nini?" nikauliza.

"La Festo ni Ford, shemeji. La Papa Byamungu, baba yake Olivier, ni Chevrolet."

Nikangoja nielezwe sababu. Kumbe ndiyo hiyo. Nimepatanisha wanandoa, nimepatanisha majirani waliogombea mipaka ya shamba, na mara moja kwaya mbili zilizogombea ngoma. Nikajiambia hili nitalimaliza kabla chai haijapoa.

Kwenye uwanja wa ndege wa Minneapolis, Festo alinipokea na gari jekundu lenye umri unaomzidi binti yake mara mbili. Waliliita Ford Mustang. Lilikuwa na milango miwili na kiti cha nyuma cha kutosha gunia moja la mchele. Kabla hajaniuliza habari za nyumbani, alifungua boneti.

"Silinda nane, kaka. Sikiliza."

Nikasikiliza. Injini ilikoroma kama mzee aliyelala chali.

"Na distributa iko mbele, mkono unafika. Ya Chevrolet wameificha nyuma kabisa, fundi anailalia injini kama anamwombea mgonjwa."

Distributa, kwa wasiojua, ni chombo kinachogawa moto kwa plagi. Nilikuwa nimefika uzee wangu bila kujua kwamba mahali kinapokaa ni jambo la imani.

Nyumbani kwa Festo, kitongoji cha Richfield, ndege hupita juu ya paa na watu huacha maneno hewani mpaka zipite. Tumaini alikuja kuketi karibu nami.

"Baba mkubwa, ongea nao. Papa Byamungu ndiye alinifundisha kuendesha gari, maana baba alikuwa ananipigia kelele tu. Nawataka wote wawili pale kanisani. Wakikataa nitapanda basi na shela yangu. I'm serious."

Niliamini. Macho yake hayakuwa na mzaha.

Kesho yake nilivuka mto kwenda Saint Paul, kwa Papa Byamungu. Mtu mpole, mkimbizi wa Kivu ya Kusini, alinipa ugali na samaki na maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe. Kisha tukaenda gereji. Gari lake, Chevrolet Camaro ya rangi ya chungwa, lilifunikwa shuka safi kuliko lile nililolalia mimi.

"Papa Mwinjilisti, ile kitu ya Festo haiko moteur. Iko mashini ya kusaga mahindi." Moteur kwao ni injini.

"Nasikia distributa yako iko nyuma."

"Bon. Na moyo, Mungu aliuweka inje? Kitu ya maana inafichwa."

Nikakiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na theolojia zaidi kuliko ya mdogo wangu. Ndipo akashusha sauti na kuniambia lililomuuma. Yeye na Festo wanafanya kazi ghala moja kule Shakopee, na kwa miaka walikwenda kwa gari moja, wakicheka njia nzima. Mara nyingi yeye mwenyewe alimsimulia Festo jinsi kwao magari yalivyosukumwa kwenye tope zaidi kuliko yalivyoendeshwa. Lakini Jumamosi moja, kwenye mkusanyiko wa wenye magari ya zamani, Festo alisema mbele ya Wazungu, "Huyu anajua nini? Kwao magari husukumwa." Watu wakacheka. Byamungu akafunga boneti, akaondoka. Tangu hapo kila mmoja huenda Shakopee peke yake, barabara ile ile, saa ile ile.

"Mambo ya moteur tulitukanana siku zote," alisema. "Ile siku alitukana kwetu."

Ijumaa asubuhi, harusi ikiwa kesho yake, Tumaini alinipeleka kwenye viwanja vya maonyesho vya Saint Paul, ambako magari ya kale yalipangwa kama waumini siku ya Pasaka. Watu walipita wakiinamia injini kwa heshima ambayo sijaiona kwenye sala ya toba. Nikawaona wazee wawili wa Kizungu wameketi kwenye viti vya kukunja, bega kwa bega. Mmoja alivaa kofia ya Ford, mwingine ya Chevrolet. Nilisalimu, Tumaini akatafsiri.

"Usimsogelee huyu," alisema wa Ford. "Ujinga unaambukiza."

"Ananionea wivu tangu tukiwa vijana," akajibu wa Chevrolet. "Mwangalie, hata kivuli cha mti amekifuata kwangu."

"Kama ni mjinga, mbona umekaa naye?" nikauliza.

Wa Ford akafikiri. "Nani mwingine angenivumilia?"

Mwenzake akacheka. "Mke wangu alipofariki, huyu ndiye alinipeleka mazikoni. Kwa Ford yake. Njia nzima aliniomba radhi kwa niaba ya gari."

Nilikuwa nimewaona watu hawa, ila si Marekani. Babu zetu Wahehe walipigana na Wangoni mpaka damu ikachosha pande zote, kisha wakawa watani. Siku tuliyomzika baba, mtani wake Mngoni alijilaza ndani ya kaburi akasema haingii mtu humo, shimo ni fupi, Wahehe wana miguu kama korongo. Tulicheka tukilia. Halafu ndiye aliyeshika koleo wa kwanza.

Jioni ile niliwaita wakwe wote wawili sebuleni kwa Festo.

"Mmeokota matusi ya Wamarekani," niliwaambia, "mkaacha deni linaloambatana nayo. Mtani hukutukana chochote, lakini hakuvui nguo mbele ya wageni. Na siku ya shughuli ndiye wa kwanza kufika."

Ndege ikapita. Tukangoja. Festo aliinamisha kichwa.

"Mzazi mwenzangu, pale mbele ya watu nilikukosea. Nisamehe."

Byamungu akampa mkono. "Nimesamehe," akasema. "Lakini gari yako iko mubaya."

"Lako baya zaidi."

"Vizuri," nikasema. "Sasa, mtani ana haki ya kuchukua kitu cha mtani wake siku ya shughuli. Kesho Papa Byamungu atamwendesha bibi harusi kwa Ford. Festo atafuata na Chevrolet."

Walinitazama kana kwamba nimewaambia wabadilishane madhehebu. Lakini Tumaini alikuwa mlangoni, na hakuna aliyethubutu kukataa.

Jumamosi, Ford ilitangulia na riboni zake. Mimi nilikaa na Festo kwenye Chevrolet. Alilaumu usukani, akalaumu kiti, akalaumu rangi. Baada ya taa za pili alinyamaza. Baada ya taa za tatu alikanyaga mafuta, mgongo wangu ukabanwa na kiti nikaanza kutubu.

"Festo, kanisa si upande ule?"

"Namfuata yeye, kaka."

Ford ilikuwa imeshika barabara ya kuzunguka ziwa. Tulilizunguka. Tukalizunguka tena. Hakuna aliyepotea njia. Bwana harusi aliyekuwa akitusubiri madhabahuni aliniambia baadaye kwamba alidhani bibi harusi amepanda basi kweli.

Mlangoni mwa kanisa Byamungu alimrushia Festo ufunguo. "Kamata mashini yako. Imenivunja mugongo."

"Na hili lako nimeona haya kuonekana nalo."

Nilimsikia Byamungu akiuliza kwa sauti ndogo, "Kwenye kona ilienda vizuri?" na Festo akajibu kwa sauti ndogo zaidi, "Sana." Tumaini, shela yake ikiwa imepindwa na upepo, alimshika mmoja mkono wa kulia na mwingine mkono wa kushoto, akaingia nao.

Siku ya kurudi, walinisindikiza uwanja wa ndege kwa magari mawili, mzee mmoja. Mimi nilipanda Ford, begi langu likapanda Chevrolet, na njia nzima kila gari lilitaka kulipita jingine. Mabishano yao ya injini hayataisha, na nimeacha kuyaombea yaishe.

Nawe uliyesoma, Mungu akujalie mtani: akuaibishe harusini kwako, akulimie shamba ukiugua, na siku yako ikifika abebe jeneza lako akinung'unika kwamba ni zito.