Vilele Visivyo na Mwenyewe

Maabarani walimwita Bi Vilele, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa mashine ya kuchambua protini. Mashine ile huichomoa protini punje moja moja, kama mtu anayechomoa shanga kwenye uzi, na kila punje huchorwa kwenye karatasi kama kilele. Mzunguko mmoja wa kuchomoa, kilele kimoja. Jioni mumewe, fundi viatu, humuuliza, "Leo umepanda milima mingapi?" Naye hucheka.

Kisha vikaja vilele viwili ambavyo hakuna aliyeviita. Mzunguko wa kwanza vilisimama wima, wa pili vikanywea, baadaye vikapotea. Ikawa hivyo sampuli baada ya sampuli.

Mkuu wa maabara hakutaka hadithi. "Mama, kazi za watu zinaharibika. Usipopata chanzo, mashine nampa mwingine."

"Wakininyang'anya mashine ile wamenimaliza," alimwambia mumewe.

Akaiendesha tupu. Safi. Basi si mashine, wala dawa zake. Akaandaa sampuli mwenyewe, glavu mkononi. Safi. Akapachika iliyoandaliwa na wifi yake. Wale wageni wawili hao, wamerudi karatasini.

Wifi huyo ni dada wa mumewe. Kazi ile ya kuandaa sampuli alitafutiwa na Bi Vilele mwenyewe, kwa kumbembeleza mkuu.

Alimkuta chumba cha pili, kashika kipande cha utando unaobeba sampuli kwa vidole vitupu, glavu ziko mfukoni. Na jasho la mkono lina punje zilezile za protini. Hilo hufundishwa siku ya kwanza.

"Wifi! Ndiyo nini hiyo?"

"Zinaniwasha, wifi yangu. Nikizivaa ni kama nimepakwa upupu."

"Unaniona nahangaika, umekaa kimya?"

"Ningesema, ningebaki hapa?"

"Twende kwa mkuu. Nitakuombea."

"Haya, twende," alisema wifi. Akavaa glavu zake.

Walipofika, wifi ndiye aliyewahi kusema. "Mkuu, wifi yangu nimemkanya mpaka nimechoka. Akipachika sampuli anazishika kwa mikono mitupu. Leo nimeona nisinyamaze."

Bi Vilele akanyoosha karatasi. "Mkuu, tazama. Niliyoiandaa mimi, safi."

"Siku uliyovaa glavu," mkuu alijibu. "Ndicho tunachosema hapa."

Akapelekwa kuosha chupa. Mashine akapewa wifi. Tangu siku hiyo wifi akavaa glavu, ziwashe zisiwashe, na vilele havikuonekana tena. Watu wakasema, "Mnaona? Tatizo lilikuwa mtu."

Mumewe alikwenda kumuuliza dada yake. Dada akalia, akaapa kuwa hakusema uongo. Yule bwana akarudi nyumbani na kiapo hicho, mkewe akaendelea kukunja nguo.

Neno wifi halikumtoka tena Bi Vilele mdomoni. Alisema "dada yako". Maabarani wakipishana ukumbini, alimpisha kama mtu anavyompisha mgeni.

Bi Vilele alipougua, yule dada alikuja na mfuko wa machungwa, akasimama mlangoni. Mumewe akaingia chumbani.

"Wifi yako kaja."

"Dada yako," alimsahihisha. "Mwambie nimelala."

Macho yalikuwa wazi, yanatazama ukuta. Mumewe akatoka, akasema amelala.