Safu ya Mchoraji

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kaka yangu, vikubwa kwa namba moja, nikaambiwa nikae nisiguse kitu. Kiwanda kilikuwa Temeke, kikichapa lebo na vifungashio: maboksi ya majani ya chai, karatasi za sabuni, pakiti za viungo vya pilau. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne tu. Karani Mkuu wa Masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada, aliniacha mpaka adhuhuri ndipo akaniletea fomu ya kusajili mchoro mpya. Nikaijaza, nikaacha kisanduku kimoja ambacho sikujua jibu lake. Akanirudishia bila kuniangalia.

"Kondo, hapa fomu yenye tundu haipiti mlango ule. Jaza."

Nikajaza. Miaka yote iliyofuata sikuacha kisanduku wazi, na sifa hiyo ndiyo iliyonitoa ukarani msaidizi hadi usimamizi wa masjala. Nalisema hili mapema ili vijana mnaosoma muone kwamba kosa langu halikutokana na uvivu peke yake.

Enzi zile mchoro ulikuwa kitu cha kushika mkononi. Mchoraji alichora kwa brashi kwenye karatasi nene, nasi tukauweka kwenye bahasha kubwa ya kaki yenye namba, jina la mteja na jina la mchoraji. Niliyempokelea bahasha nyingi kuliko wote ni Bi Zuhura. Baba yake alikuwa na duka Mtoni, naye Bi Zuhura alijifunza kuchora utotoni, nyuma ya kaunta, akinakili pakiti zilizopangwa rafuni. Kila akileta kazi alinitania.

"Andika jina langu vizuri, Kondo. Isije ikasemwa umechora wewe, watu wakagoma kununua."

Zikaja kompyuta. Michoro ikaskaniwa, bahasha zikateketezwa kupunguza nafasi, na kila kitu kikapelekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni: kabati usiloliona, unalipia nafasi na kulifungua popote penye intaneti. Humo kila mchoraji alikuwa na folda yenye jina lake. Mwanzoni ilitufaa, kisha ikavurugika. Lebo moja ilikuwa na nakala sita: ya mwisho, ya mwisho kabisa, ya mwisho kweli. Siku Meneja Uzalishaji alipochapa maboksi ya chai kwa nakala ambayo mteja alishaikataa, na shehena nzima ikawa taka, uongozi uliamua tuhamie kwenye mfumo wa kusimamia mali za kidijitali.

Tofauti yake ni hii. Kwenye hifadhi, unatakiwa ukumbuke kitu ulikiweka wapi. Kwenye mfumo, unauliza tu: nipe lebo za sabuni za mteja fulani, zilizoidhinishwa, nao unakuletea. Mfumo unaweza hivyo kwa sababu kila picha inabeba maelezo yake: mteja, bidhaa, idhini, mchoraji. Maelezo hayo hayajiandiki. Yanatoka kwenye jedwali, na jedwali nilikabidhiwa mimi.

Afisa TEHAMA, kijana mwenye adabu, alikuja mezani kwangu, akaniamkia, kisha akanieleza bila kuzunguka.

"Mzee, folda hazihami. Zinahama picha na kile utakachoandika kwenye jedwali. Usichoandika, huko hakitakuwepo."

Nikamwambia nimemwelewa. Na kweli nilikuwa nimemwelewa.

Safu ya mteja niliijaza kwa uangalifu, na ya bidhaa vilevile. Ya mchoraji ilikuwa ngumu, maana watu walishazoea kuazimana michoro na folda zilichanganyika. Ilitakiwa nikae na kila mchoraji, picha kwa picha. Zilibaki siku nne, na Meneja Masoko alikuwa akinipigia kila asubuhi kuuliza nimefika wapi. Bi Zuhura alikuwa ghorofa ya juu tu, kwa kupanda ngazi moja. Sikupanda. Niliandika kwenye mstari wa kwanza "Idara ya Michoro", nikakishika kisanduku kwa pembe, nikakiburuta hadi chini ya jedwali, maelfu ya picha. Kazi ya wiki ikaisha kabla ya chai ya saa nne. Nilijiambia nitarekebisha baadaye.

Mkutanoni Meneja Masoko alisema jedwali langu halikuwa na tundu hata moja, nikapigiwa makofi. Hifadhi ya zamani ikafungwa, na folda zikaondoka na majina yake.

Mwaka uliofuata Bi Zuhura aliacha kazi, akahamia Bunju. Chuo kimoja cha ufundi kilimtaka afundishe uchoraji wa vifungashio, mradi apeleke kazi zake zikiwa zimethibitishwa na mwajiri. Hakuwa na cheti. Kazi zake ndizo zilikuwa cheti. Akaja kiwandani. Afisa Utumishi akaniita nimtafutie. Nikaandika Zuhura. Mfumo ukajibu: hakuna matokeo.

"Andika tena," akasema Bi Zuhura. "Wewe na macho yako hayo."

Nikaandika tena, jibu likawa lilelile, ndipo nikafungua picha zote za Idara ya Michoro. Akasogea kwenye kioo, akaanza kuonyesha kwa kidole: hii yangu, hii yangu, na huu mkono unaomimina chai ni wa mama yangu. Afisa Utumishi alimjibu kwa upole kwamba mfumo unasema ni za idara, naye hawezi kutia saini kinyume chake. Kisha akanigeukia.

"Au vipi, Mzee Kondo?"

Nilikuwa nimebakiza miezi mitano nistaafu. Niliogopa kuondoka na barua ya onyo baada ya yale makofi.

"Mfumo ndivyo unavyoonyesha," nikasema.

Chuo kikachukua mtu mwingine.

Niliagwa vizuri, kwa keki na hotuba, nikahamia kwangu Kinyerezi. Huko ndiko nilikopata ujasiri wa kuandika barua ya kukiri. Afisa Utumishi alinipigia simu, na kwa sauti yake alisikitika kweli. Alisema ningesema nikiwa bado msimamizi, lingekuwa sahihisho la kumbukumbu. Sasa ni maneno ya mtu wa nje.

Ninyi mnaohamisha mafaili leo mna mashine zinazotambua picha zenyewe. Bado jina la aliyechora litaandikwa na mtu. Kama hujui, andika kwamba haijulikani, na anayejua atakuja kukusahihisha. Ukiweka jibu linalofanana na kweli, hakuna atakayelitilia shaka tena.

Mwezi uliopita nilikwenda Bunju. Bi Zuhura alinikaribisha, akanisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza kama siku ile, nilipokuwa naandika jina lake mara ya pili, nilishajua kwa nini halionekani. Nikamwambia nilijua.

"Mie nilirudi nyumbani nikafungua kabati la jikoni," akasema. "Nikatoa pakiti zote, nikazipanga mezani. Nikajiuliza, Zuhura, hizi ulizichora wewe kweli, au uzee ndio umeanza? Nikamuuliza na mume wangu. Naye hakuwa na uhakika."

Nilimwomba radhi. Akasema amenisikia. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kumuuliza.