Huyo Mama Ana Maneno

Fundi viatu alivaa koti lake la harusi, akafunga boksi kwa kamba, akamwambia binti yake, "Twende. Leo atanitambua."

Boksi lilikuwa la viatu, lakini ndani hamkuwa na viatu. Mlikuwa na kurasa za katuni za marehemu mkewe. Alizichora kwenye meza ileile ambayo fundi alikatia soli, mke upande wa dirisha, mume upande wa ukuta. Wino huku, gundi kule. Waliishi hivyo mpaka wakaota mvi.

Mke ndiye aliyemzua Bibi Kifagio, mfagiaji wa ofisi aliyewachamba mabosi huku akifagia chini ya miguu yao. Watu walimpenda kufa. Siku moja mama huyo akamkuta Bibi Kifagio wake kwenye karatasi ya sabuni, anachekacheka kama zuzu. Mchapishaji wa katuni zake alikuwa amewapa watu wa sabuni bila kuuliza. Mama akamfuata ofisini, akamwambia mbele ya wafanyakazi:

"Unamchukua mtoto wa mtu ukamfulishe nguo, hata hodi hupigi?"

Wafanyakazi wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomponza mama.

Mchapishaji hakuandika kitu. Aliinua simu tu. Akawapigia wachapishaji wenzake mmoja mmoja, akawaambia: huyo mama ana maneno.

Kila alikokwenda, milango ikafungwa, na sababu hakuambiwa. Alipochoka, fundi akazibeba kurasa mwenyewe. Kusoma hajui, ofisi hazijui. Dada wa mapokezi akamrudishia bahasha bila kuifungua. "Huyu? Tumeambiwa ana maneno."

Fundi akarudi nyumbani mbio, uso unang'aa. "Mke wangu, wanakusifu! Wanasema una maneno!"

Alidhani ni sifa. Katuni si maneno?

Mkewe akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akalia. Ndipo fundi akaelewa.

Tangu hapo mama akawa anachora vichwa vya watu kwenye kuta za saluni. Bibi Kifagio hakumwacha, ila kila ukurasa uliishia kwenye boksi. Wasomaji walikuwa wawili, mume na binti, na mume alisomewa. Mama akafa hivyo.

Sasa mchapishaji yuleyule anazitaka. Wasomaji wa zamani wanaulizia. Hata msibani alikuja, akakaa mbele kabisa.

"Baba," binti akasema njiani, "usije ukaharibu. Mama alitaka zisomwe."

"Zitasomwa."

"Na wewe unataka nini?"

"Aumie."

Mchapishaji aliwapokea kwa mikono miwili. "Mzee wangu! Karibu, karibu. Pole tena. Yule mama nilimpenda sana."

"Uliwapigia wangapi?"

"Wangapi nini, mzee?"

"Ulipompenda."

Mchapishaji akacheka peke yake. "Ah, ya kale hayo. Ujana, damu inachemka. Tuyaache."

Fundi akaweka boksi mezani, na mkono juu ya boksi. "Wapigie tena. Waambie hakuwa na maneno, alikuwa na haki. Weka sauti kubwa tusikie wote. Na mlango ubaki wazi. Ukimaliza ndipo tutaongea."

Huko nje katibu aliacha kuchapa.

Mchapishaji akalitazama boksi. Akapiga. Akapokea kijana. Baba yake, aliyepigiwa zile siku, alishafariki.

"Mwambie mtoto," fundi akasema.

Mtoto akaambiwa. "Samahani, umekosea namba," akasema, akakata.

Simu ya pili akapokea mama mmoja, mchapishaji mstaafu, sauti inakwaruza.

"Mchoraji gani? Simkumbuki."

"Mweleze," fundi akasema.

"Yule... wa Bibi Kifagio."

"Aa! Yule si aliacha mwenyewe?"

Mchapishaji akamtazama fundi. Fundi hakupepesa macho.

"Hakuacha. Mimi ndiye niliyewaambia mumkatae."

"Kwa kosa gani?"

"Aliniambia ukweli mbele ya watu."

"Basi?"

"Basi."

Mama yule akaguna. "Na mimi nikakuamini, hata yeye sikumwuliza. Mkate wa mtu, tukaufunga kwa umbeya! Sasa leo umeota nini?"

"Nataka kuchapisha kazi zake."

Mama yule akaangua kicheko. "Kumbe una shida! Pole, baba."

Utamu ukampanda fundi mpaka kooni. Hakuona huruma hata chembe. Akampigisha nyingine, na nyingine, mpaka kola ya shati la mchapishaji ikalowa na wafanyakazi wakajaa mlangoni.

"Umeridhika, mzee?"

"Bado."

"Basi tuongee."

"Haya. Sikupi."

"Tulikubaliana!"

"Nilisema tutaongea. Si ndiyo tumeongea?"

Akabeba boksi lake. Binti akamfuata, machozi yanamlengalenga. Kwenye ngazi za nje akamshika koti. "Baba, umelipiza. Na mama je? Abaki ndani ya boksi?"

Fundi akaketi kwenye ngazi, akafungua kamba. "Hiyo simu yako si inapiga picha?"

"Inapiga."

"Si unaweza kuwatumia watu?"

"Naweza. Lakini zikishasambaa, baba, hakuna wa kuzinunua tena."

"Ndiyo hivyo. Auze hewa."

Binti akamtazama, akajifuta macho kwa kiganja. Akaanza. Fundi anashika ukurasa usipeperuke, binti anapiga picha, anatuma. Katibu akatoka na kikombe chake. Akainama, akasoma. "Nitumie na mimi, dada. Na jina la mama uliweke."

"Nimeliweka juu kabisa."

Akarudi ndani. Kidogo tu, dirishani ukasikika mlipuko wa kicheko, kisha wa pili, kisha ofisi nzima. Sauti ya mchapishaji ikauliza wanacheka nini.

Kicheko kikazidi.

"Leta ukurasa mwingine, baba," binti akasema.