Kinyozi wa Wagonjwa wa Watu

Kila Jumamosi, wateja wakishapungua dukani, kinyozi alitia brashi, sabuni na nyembe zake kwenye mfuko, akaenda hospitali. Alianza hivyo mara tu alipookoka, na tangu hapo hakuna mgonjwa wa wodi ya wanaume aliyelazwa siku nyingi asimjue. Aliwanyoa bure: wazee waliosahauliwa na watoto wao, vijana waliovunjika miguu, wengine wakinuka vidonda mpaka wauguzi wenyewe wanageuza uso. Yeye hakugeuza. Alipiga magoti kando ya kitanda, akapiga nao soga za mpira na za mvua, akawanyoa taratibu. Walimwita Mtumishi. Jina hilo likatoka wodini likamfuata mpaka dukani na kanisani, na tusifichane, naye alilipenda.

Kaka yake mkubwa alikuwa na jina jingine la kumwita, ila hilo halisemeki mbele ya watu wa kanisa.

Huyo kaka alikuwa dereva wa lori, mtu mwenye mdomo mkali, asiyekanyaga kanisani ila kwenye harusi na misiba. Baba yao alipougua ugonjwa wa mwisho, yeye ndiye aliyeegesha lori na kukaa naye. Alimwogesha, alimbadilisha nguo, alimgeuza ubavu, yeye na mkewe. Mtumishi alikuja kwa nadra, akasali sala ndefu na nzuri, akatazama saa, akaaga. Siku zile alikuwa na semina ya viongozi, kisha mkutano wa injili, na juu ya hayo kuna wodi yake. Akajiambia wiki ijayo atakaa siku nzima. Wiki ijayo ilipofika, baba alikuwa ameshakata kauli, na baada ya siku chache wakamzika.

Pale kaburini, watu wakiwa bado wameshika majembe, kaka yake alimgeukia akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini: "Huyu ananyoa wagonjwa wa watu. Baba yake tumemzika na ndevu zake."

Mtumishi aliondoka na suruali yake yenye vumbi, na tangu siku ile ndugu wale hawakusemeshana tena. Watu walipomuuliza alisema ameshamsamehe kaka yake. Akawa anamwombea hadharani kwenye ibada, aokoke, Bwana amlainishe moyo, jambo ambalo ukilitazama vizuri ni namna ya kumsengenya mtu mbele za Mungu. Kilichomuuma ni kwamba kaka hakusema uongo. Ungekuwa uongo angeshausahau zamani.

Miaka ikapita, kanisa likamchagua kuwa shemasi. Jumapili ya kuwekewa mikono ilipokaribia, mchungaji aliwafundisha wateule habari za Bwana aliyejifunga taulo akawaosha wanafunzi wake miguu, pamoja na miguu ya yule aliyekuwa tayari kumsaliti. Akamtaja Mtumishi kuwa mfano wa kuigwa, na waliokuwapo wakaitikia amina. Hiyo ilikuwa Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi shemeji yake akaingia dukani.

Hakuwa amekanyaga pale tangu msiba. Aliketi kwenye benchi la wateja akaeleza hali ya mumewe. Kiharusi kilikuwa kimempiga, upande wa kulia umelala wote, maneno yanatoka vipande vipande. Mtumishi habari hizo alikuwa nazo muda mrefu. Alichokuwa akijiambia ni kwamba hajapata nafasi. Sasa ndevu zilikuwa kero, shemeji akasema, chakula kinanasa humo na ngozi imeanza kutoka vipele. Hakumlaumu. Hakumwambia hata njoo.

"Shemeji," alisema tu, "anahitaji kinyozi."

Mtumishi akamtuma mwenzake wa dukani, fundi hodari kabisa. Jioni mwenzake akarudi na brashi kavu. Mgonjwa alikuwa amekaza taya na kugeukia ukutani, hata taulo hakutaka lifungwe shingoni mwake.

"Anakutaka wewe," mwenzake akasema. "Hajanitamkia, lakini hilo halihitaji maneno."

Jumamosi Mtumishi akaenda wodini kama kawaida. Mzee mmoja, kidevu kikiwa safi, akamshika mkono akamshukuru kwa machozi, na shukrani zile zikamchoma kuliko matusi. Akiwa pale chini, kwenye magoti, aliona jambo ambalo alikuwa amelikwepa siku zote. Ilikuwa rahisi kuwapigia magoti watu hawa kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyemjua zaidi ya jina lile.

Jumapili asubuhi alivaa suti mpya, akashika njia ndefu ya kwenda kanisani, ile inayopita nyumbani kwa kaka yake. Alijidanganya kwamba atamjulia hali tu. Lakini mfuko wa nyembe ulikuwa mkononi.

Kaka yake alikuwa amelala kwenye godoro karibu na dirisha, jicho moja limelegea, la pili kali vilevile. Mtumishi akamwamkia. Kaka hakuitikia, ila uso hakuugeuza. Shemeji akaleta beseni la maji ya moto bila kuulizwa, akasimama pembeni. Mtumishi akavua koti, akakunja mikono ya shati, akapiga magoti, akaanza kupaka sabuni.

Upande mzima ulikwenda vizuri. Shida ikaja upande uliokufa. Kinyozi humtegemea mteja bila mwenyewe kujua: mteja huvuta shavu, hukunja uso panapouma, na mkono wa kinyozi hufuata. Shavu lile halikusema kitu. Lilikuwa limelegea likisogea na wembe, na Mtumishi, aliyewanyoa wagonjwa wasio na hesabu, akamkata kaka yake chini ya taya. Hakujua mpaka povu lilipoingia wekundu. Kaka naye hakujua. Shemeji akaja mbio na kitambaa, akakandamiza, kisha akabaki pale ameinyoosha ngozi kwa vidole ili wembe upite.

"Baba naye alikuwa mgumu hivihivi," akasema, macho yake yakiwa kwenye shavu. "Huyu alimletea kinyozi, mzee akakataa. Huyu akashika wembe mwenyewe, mzee akakataa. Alikuwa akisema, mwanangu kinyozi atakuja."

Mkono wa Mtumishi ukasimama. "Mbona hamkuniambia?"

"Nilitaka. Yeye akanikataza." Akamwonyesha mumewe kwa kidevu. "Alisema siku ile kaburini hasira zilimzidi, hilo moja linatosha. Ukilijua na hili hutapata usingizi maisha yako yote."

Mtumishi akauweka wembe chini. Miaka yote ile alikuwa amejihesabu kuwa yeye ndiye aliyesamehe, akatembea nao msamaha wake kifua mbele, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akihurumiwa, tena na mtu aliyemwombea aokoke. Aliinamisha paji la uso kwenye ukingo wa godoro akalia. Simu ikaita ndani ya koti, ikanyamaza, ikaita tena. Bila shaka kanisani walikuwa wameshaketi, na kiti chake cha mbele kilikuwa kitupu. Hakuipokea.

"Kaka, nisamehe," alisema. "Alinisubiri sikuja. Na wewe ulinisubiri."

Haikuwa ile sauti yake ya maombi. Kaka yake alihangaika na midomo kwa muda, mate yakimtoka, shemeji akayafuta. Kisha mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, ukatambaa juu ya shuka mpaka ukalipata sikio la Mtumishi. Akalikamata, kama alivyolikamata walipokuwa wadogo, akamwinua uso.

"Ma... liza," akasema.

Akarudisha kichwa nyuma kwenye mto, akakinyanyua kidevu, akamwachia koo. Mtumishi alijifuta macho kwa mkono wa shati, akalowesha brashi, akapaka sabuni upya kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imeshakauka.