Macho Yangu na Printa ya Picha

Wenzangu, kusawazisha rangi za printa ya picha hakuhitaji kifaa cha bei mbaya. Haya macho yangu yanatosha Tabora nzima. Kibandani kwangu Kanyenye, chini ya turubai la bluu, nilichapa picha ya bibi harusi, nikailinganisha na ile ya kwenye kompyuta. Ikaonekana ya bluu. Nikaongeza njano, nikaongeza tena, hadi zikafanana kama mapacha. Nikachapa albamu nzima ya kupelekwa kwa wakwe jioni hiyohiyo.

Mama wa bibi harusi alipofika, nikampa shikamoo, nikamtoa nje juani aione kazi ya fundi. Lo! Kumbe ile bluu ilikuwa ya turubai; juani, bibi harusi na gauni lake walikuwa binzari tupu.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "wakwe si watasema tumewaozesha mgonjwa wa ini?"